Monita ya pili kwenye Dell OptiPlex 7010: kebo ya HDMI na DisplayPort haileti picha

Mkaguzi_Tabata (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu.

Kompyuta ni Dell OptiPlex 7010, lile boksi dogo la SFF, i5-3470, RAM GB 8, Windows 10. Haina kadi ya grafiki ya kuongezea. Nyuma ina tundu moja la VGA na mawili ya DisplayPort. Monita ya zamani ni inchi 19, 1440 kwa 900, inatumia VGA na haina shida. Monita mpya ni inchi 24, 1920 kwa 1080, ina HDMI moja na VGA moja, basi.

Dukani Kariakoo nilisema nina HDMI upande mmoja na DisplayPort upande wa pili, nikapewa kebo yenye vichwa hivyo viwili. Karibu na kichwa cha HDMI kuna mkia mfupi wa USB. Nimechomeka DisplayPort kwenye kompyuta, HDMI kwenye monita, na mkia wa USB nao nimeuchomeka kwenye kompyuta. Monita inaandika "No Signal" kisha inalala. Windows haioni kitu.

Kebo ni mbovu au tundu limekufa? Nikinunua kigawanyo cha VGA cha kutoa mbili, si nitamaliza kazi kwa hela kidogo? Na hii i5 ya zamani inaweza kubeba monita mbili bila kadi? Kazi yangu ni mahesabu tu, Excel upande mmoja na risiti upande mwingine. Magemu sichezi.

---

FundiWaya

Mkuu, kebo yako yawezekana ni nzima kabisa, ila ni ya kwenda upande mwingine. Huo mkia wa USB ndio unaoitambulisha.

Kebo zenye HDMI huku na DisplayPort kule ziko aina mbili, na zikiwa kwenye pakiti zinafanana. Aina ya kwanza hupokea picha kutoka kompyuta yenye DisplayPort na kuipeleka kwenye monita ya HDMI. Hiyo haihitaji umeme wa pembeni. Aina ya pili hupokea picha kutoka kifaa chenye HDMI na kuipeleka kwenye monita ya DisplayPort. Ndani yake kuna chipu ya kutafsiri inayokula umeme, ndiyo maana ikawekewa mkia wa USB. Hakuna kati ya hizo mbili inayofanya kazi kinyumenyume, hata ukiigeuza mara kumi.

Sababu iko kwenye tundu lenyewe. DisplayPort za kompyuta nyingi, ya kwako ikiwemo, zinajua lugha mbili. Zikihisi kwamba kilichochomekwa ni adapta ya HDMI, zinaacha kutuma data za DisplayPort na kuanza kutuma za HDMI palepale. Adapta inabaki na kazi ndogo ya kurekebisha volti. Alama ya tundu la namna hiyo ni D na P zilizoshikana, pembeni ++. Tundu la HDMI halijui kabisa DisplayPort, kwa hiyo lazima mkalimani akae njiani.

Ukirudi dukani usitaje vichwa peke yake. Taja safari, na kompyuta itangulie: "Kompyuta yangu ni DisplayPort, monita yangu ni HDMI." Ukisema "HDMI kwenda DisplayPort", muuzaji anakupa ile uliyopewa, na kwa maneno uliyosema hajakosea. Kebo ya mita 1.8 inatosha. Kama tayari una kebo ya HDMI nyumbani, chukua adapta fupi ya DisplayPort kiume, HDMI kike, umalize.

Kuhusu uwezo: i5-3470 ina HD Graphics 2500 ndani yake, na Intel wameiandikia monita 3. Kwa Excel na vivinjari haitatoka jasho. 1920 kwa 1080 kwa hezi 60 inataka kasi ya kutuma pikseli ya megahezi 148.5, na adapta za kawaida za bei nafuu zinaishia megahezi 165. Inapita. Siku ukileta monita ya 2560 kwa 1440, hesabu hiyo inagoma, kwani hiyo inataka kama megahezi 241 kwa hezi 60. Hapo tafuta monita yenye DisplayPort yake uende moja kwa moja, bila adapta katikati.

Jambo moja la mkono: kichwa cha DisplayPort kwa kawaida kina kulabu mbili ndogo juu, kama meno. Kabla ya kuvuta, bonyeza kitufe kilicho mgongoni mwa kichwa mpaka meno yazame. Ukivuta kwa nguvu bila kubonyeza unang'oa tundu kwenye madabodi (bodi kuu ya ndani ya kompyuta), na tundu likishang'oka, fundi wa kulirudisha vizuri si wa kila mtaa.

---

Kijana_Ilala

Mbona mnamzungusha? Monita zote mbili zina VGA. Achukue kigawanyo cha VGA, amalize leo.

---

Binti_Magomeni

Ndugu Kijana, kigawanyo hakimsaidii, na watu wengi sana wanapoteza hela hapo. Kigawanyo kinachukua picha moja na kuirudia. Excel iliyo kushoto itaonekana ileile kulia. Ni kifaa cha ukumbini au kanisani, kwenye skrini nyingi zinazoonyesha kitu kimoja. Vya HDMI ni vilevile, hata vile vya bei kubwa vyenye adapta yao ya umeme. Tundu moja la VGA hutoa picha moja, hakuna ujanja wa kebo utakaoifanya itoe mbili.

Tena kwa Mkaguzi ingekuwa mbaya zaidi, maana monita zake zina vipimo tofauti. Kompyuta ingelazimika kutuma kipimo ambacho zote mbili zinakikubali, na ile ya inchi 24 ingeonyesha herufi zilizovutwa.

Kinachoweza kugawa tundu moja kuwa picha mbili tofauti ni kile kiboksi cha DisplayPort kinachoitwa habu ya MST, kwa tundu la DisplayPort 1.2 na kuendelea, kwenye Windows. Mkaguzi hakihitaji, ana matundu matatu nyuma.

Mpango wake ni huu: inchi 19 ibaki kwenye VGA ilipo, inchi 24 iende DisplayPort kwa adapta aliyosema FundiWaya. Asifanye kinyume, kwa sababu skrini kubwa ndiyo atakayoitazama kutwa, na picha ya VGA hupoteza ukali kadiri skrini inavyokuwa kubwa na kebo inavyokuwa ndefu au nyembamba.

Kabla hujatoka kwenda dukani, dada yako nakushauri uipime monita mpya peke yake. Chomoa waya wa HDMI kwenye king'amuzi, upeleke kwenye monita. Picha ikitokea, au hata monita ikiandika tu kwamba imepata kitu, basi tundu lake la HDMI ni zima na lawama zote zinarudi kwenye kebo. Dakika mbili zinakuokolea nauli ya kwenda Kariakoo mara ya pili.

---

Mkaguzi_Tabata

Shukrani sana wakuu. King'amuzi kimetoa picha kwenye monita bila tatizo. Kebo nimebadilishiwa, sasa nina DisplayPort kwenda HDMI isiyo na mkia, na picha imekuja.

Yamebaki haya:

Skrini zote zinaonyesha kitu kilekile. Sauti ya spika zangu za mezani imepotea. Alama ya Dell wakati wa kuwasha inaonekana kwenye monita moja tu. Na kuna hili linanitia hofu: nilipokuwa nachomeka kebo nyuma ya boksi nilihisi kama napigwa shoti ndogo mkononi, mchonyoto hivi, na kichwa cha HDMI kilitoa cheche ndogo kilipogusa tundu la monita. Kompyuta iko kwenye ekstensheni chini ya meza, monita mpya nimechomeka moja kwa moja ukutani.

---

Mzee_wa_Saketi

Kijana, hayo mengine yatasubiri. Anza na hiyo cheche. Zima vyote viwili ukutani, usichomeke wala kuchomoa kitu kingine mpaka umalize kusoma.

Ekstensheni yako haina ethi (waya wa kushusha umeme ardhini), au ethi imekatika. Ndani ya pawasapulai ya kompyuta kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele za umeme, moja kutoka waya wa moto na nyingine kutoka nyutro, zote mbili zikiishia kwenye bodi la chuma, yaani boksi lenyewe la nje. Ethi ikiwepo, umeme kidogo unaopita humo unashuka ardhini na wewe huusikii. Ethi ikikosekana, bodi zima linaelea katikati, karibu nusu ya volti 230, yaani kama volti 115. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unahisi mchonyoto badala ya kurushwa. Lakini chipu ya HDMI imezoea volti 5 na chini ya hapo. Monita yako iko ukutani yenye ethi nzima, boksi linaelea. Kebo inapogusa, ile tofauti inaweza kupita kwenye pini za kebo kabla ganda la chuma halijashika vizuri. Hiyo ndiyo cheche uliyoiona. Matundu ya HDMI yanayokufa "ghafla tu", mengine huuawa hivyo.

Fanya hivi. Itazame plagi ya ekstensheni. Ikiwa ni ya pini mbili, au ni ya pini tatu lakini ile ndefu ya juu ni ya plastiki tupu, hiyo haina ethi. Nyingine zina pini ya chuma, ila waya wenyewe ndani una nyuzi mbili tu. Waya ukiwa mwembamba na bapa, ishuku. Tafuta ekstensheni yenye waya wa mviringo wa nyuzi tatu, plagi ya pini tatu nene yenye fyuzi, na matundu ya mraba. Achana na adapta za kugeuza plagi ya pini tatu iwe mbili.

Kisha kompyuta na monita zote mbili zikae kwenye ekstensheni hiyo moja. Hata kama ethi ya nyumba yako ni dhaifu, vitu vyote vitakuwa vimeshikana, na tofauti ya volti kati yao inaondoka. Lakini hilo ni la kulinda vifaa. La kukulinda wewe ni ethi ya kweli, kwa hiyo mwite fundi umeme apime soketi hiyo kwa mita: moto na ethi zisome karibu sawa na moto na nyutro. Ikisoma sifuri au inachezacheza, waya wa ethi haujafungwa nyuma ya soketi au fimbo ya ardhini imeliwa na kutu.

Na utaratibu wa kuchomeka siku zote: zima swichi zote ukutani, chomeka kebo ya picha pande zote mbili, kaza, halafu ndipo uwashe. Najua watu wanasema HDMI inachomekwa ikiwa inawaka. Kwenye nyumba yenye ethi nzuri, sawa. Kwenye nyumba zetu nyingi, zima kwanza.

---

Mkaguzi_Tabata

Shikamoo mzee. Nimetazama: plagi ina pini tatu lakini ile ndefu ni plastiki. Nimezima vyote, nabadilisha ekstensheni na fundi atapima soketi.

---

Mzee_wa_Saketi

Marahaba. Ukimaliza, gusa bodi la chuma kwa mgongo wa mkono wakati kompyuta inawaka. Usihisi chochote, hata ule mtetemo wa kama kitambaa kinachokwaruza.

Kwa kuwa sasa una skrini mbili, na umeme wetu mnaujua: umeme mdogo si adui mkubwa wa monita. Soma lebo mgongoni, nyingi zimeandikwa 100-240V, kwa hiyo volti zikishuka mpaka 180 zinaendelea tu. Kinachoua ni ule mshindo umeme unaporudi. Ukikatika, zima swichi ya ekstensheni, uwashe dakika tatu au tano baada ya kurudi na kutulia. Ukiwa na UPS (kiboksi cha betri kinachoshika umeme ukikatika), ya VA 650 inabeba boksi hilo na monita zote mbili bila kulalamika, lakini usiitarajie ikupe saa ya kazi. Betri yake ya kawaida ya 12V 7Ah ni Wh 84 kwa hesabu ya karatasi. Kwa mzigo wa wati 110 ingekuwa dakika 45, ila betri ndogo ikikamuliwa haraka haitoi yote, na UPS nayo inakula chake. Hesabu nusu ya hapo au chini yake, hata ikiwa mpya. Inatosha kuhifadhi faili na kuzima kwa heshima.

---

Pikseli

Mkuu Mkaguzi, tuje kwenye Windows.

Skrini kuonyesha kitu kimoja: shikilia kitufe cha Windows ubonyeze P. Itatokea orodha pembeni kulia, chagua Extend. Ikigoma au Extend isipokuwepo, bonyeza Windows na X, ingia Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, draiva ya Intel (programu ya kuendesha grafiki) haipo, na bila hiyo monita ya pili haiwezi kufanya kazi. Iache Windows Update iitafute, au ichukue kwenye tovuti ya Dell kwa kuandika namba ya Service Tag iliyo kwenye boksi. Usichukue draiva kwenye tovuti za kubahatisha.

Sasa mpangilio, na hapa ndipo watu wanaachia njiani kisha wanalalamika kwamba mausi inakwama. Bonyeza kulia kwenye eneo tupu la skrini, ingia Display settings. Utaona mistatili miwili yenye namba 1 na 2. Bonyeza Identify, namba zitatokea kwenye skrini zenyewe ujue ipi ni ipi. Uvute mstatili ukae upande uleule monita ilipo mezani. Kama inchi 19 iko kushoto kwako lakini kwenye picha iko kulia, mausi itakuwa inatokea mahali usipoitarajia kutwa nzima.

Kisha ulinganishe urefu. Skrini yako moja ina pikseli 900 kwenda juu, nyingine 1080. Tofauti ni 180. Ukiisawazisha mistatili juu, zile 180 za chini kwenye skrini kubwa zinakuwa ukuta: unasukuma kishale kuelekea skrini ndogo, kinagota ukingoni na kubaki. Kwa hiyo amua ukingo upi unaupitia zaidi. Anayetumia upau wa chini sana asawazishe chini. Anayefunga na kupunguza madirisha sana asawazishe juu. Kwa mtu wa Excel ninapendelea chini, maana vichupo vya karatasi viko huko. Kisha bonyeza Apply, la sivyo hakuna kinachobadilika.

Chagua mstatili wa inchi 24, shuka chini, weka tiki kwenye Make this my main display. Resolusheni yake iwe 1920 kwa 1080, ya pili 1440 kwa 900. Scale acha asilimia 100 kwa zote. Una bahati hapa: inchi 24 ya 1080 ina kama pikseli 92 kwa inchi, na yako ya inchi 19 ina kama 89, kwa hiyo herufi hazitabadilika ukubwa unapohamisha dirisha. Ukiwaona wanaohangaika na dirisha linalovimba likivuka, ni wenye laptopu ndogo ya asilimia 125 au 150 pembeni ya monita ya asilimia 100.

Sauti: kebo ya HDMI inabeba na sauti, na Windows ikiona monita mpya huipeleka sauti huko, hata kama monita haina spika. Bonyeza alama ya spika chini kulia, kisha mshale mdogo, uchague spika zako.

Alama ya Dell kutokea kwenye skrini moja ni kawaida. Kabla Windows haijaanza ni kompyuta yenyewe inayochagua tundu. Kumbuka tu ni skrini ipi, siku ukihitaji kuingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla ya Windows) kwa F2 usije ukatazama nyingine na kudhani kompyuta imekufa.

Kwa kazi yako, Windows na Shift na mshale wa kulia au kushoto hurusha dirisha lote kwenda skrini ya pili. Mausi utaishika mara chache.

---

Binti_Magomeni

Nyongeza kwa inchi 19 iliyo kwenye VGA: herufi zikionekana zina kivuli, fungua Notepad ijaze skrini yote, iandike maneno mengi, halafu bonyeza kitufe cha Auto kilicho kwenye monita. Usibonyeze skrini ikiwa ina picha nyeusi au tupu. Monita hupima kingo za picha, na isipoziona inapima vibaya na kuisogeza picha pembeni.

Na ikiwa siku moja skrini ya VGA itakataa kuvuka 1024 kwa 768, tazama kebo kabla ya kulaumu draiva. Geuza kichwa uhesabu pini. Pini ya 9 kukosekana ni kawaida, nyingi zimetengenezwa hivyo. Pini ya 12 na ya 15 ndizo monita inazotumia kujitambulisha kwa kompyuta. Moja ikiwa imepinda au haipo, Windows haijui imeunganishwa na nini, inaweka kipimo cha kubahatisha.

---

Mama_Ubungo

Samahani kuingilia. Mimi nina laptopu yenye HDMI moja na tundu la USB-C. Nataka monita mbili za nje. Je, hilo la USB-C litatoa picha? Na nikitumia televisheni ya inchi 32 ya sebuleni kama mojawapo?

---

Pikseli

Karibu mama. USB-C si zote zinazotoa picha, nyingine ni za data na chaji tu, na kwa umbo hazitofautiani hata kidogo. Tazama pembeni ya tundu: alama ya radi ni Thunderbolt, hiyo inatoa. Alama ya D na P zilizoshikana nayo inatoa. Alama ya USB tupu, au pasipo alama, usinunue adapta kwa matumaini. Andika modeli kamili ya laptopu kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome kama pametajwa DisplayPort kwenye USB-C. Ikiwa ni MacBook Air ya M1 au M2, Apple wameziwekea monita moja tu ya nje, adapta ya kawaida haibadilishi hilo.

Tundu likiwa halitoi picha, ipo njia ya adapta ya USB 3.0 yenye chipu ya DisplayLink. Inataka draiva yake, na prosesa ndiyo inayobana picha na kuituma. Kwa barua na Excel inafaa. Kwa video nzito utaisikia feni ya laptopu.

Televisheni inafaa kwa kutazama, kwa kusoma herufi kutwa siishauri. Inchi 32 nyingi ni za pikseli 1366 kwa 768, yaani ni skrini kubwa yenye nafasi ndogo kuliko monita ya inchi 22 ya 1080. Ukiitumia, fanya mambo mawili kwenye menyu ya televisheni: mahali pa ukubwa wa picha chagua Just Scan au Screen Fit, maana kwa kawaida hukata kingo na upau wa chini unapotea. Na kwenye jina la ingizo la HDMI chagua PC, herufi zinaacha kuwa na ukungu. Sharpness ishushe, wengi wanaipandisha wakidhani inasaidia.

---

FundiWaya

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na kompyuta yenye kadi ya grafiki, maana ni kosa la kila wiki: monita zote zichomeke kwenye kadi, yale matundu yaliyolala chini zaidi nyuma ya boksi. Ukichomeka moja kwenye kadi na nyingine kwenye madabodi, mara nyingi ya madabodi haiwaki, kwa sababu BIOS huzima grafiki ya ndani ikiona kadi. Inaweza kuwashwa kwenye BIOS, jina linatofautiana, kwenye ASUS ni iGPU Multi-Monitor. Lakini ikiwa prosesa ni ya Intel yenye F mwishoni, kama 12400F, au Ryzen 5 5600 isiyo na G, grafiki ya ndani haipo. Matundu ya madabodi ni mapambo hapo.

Jingine, kebo za DisplayPort za bei ya kutupa. Pini ya 20 ni ya umeme, volti 3.3, na kwenye kebo ya kawaida kiwango kinataka isiunganishwe kutoka mwisho hadi mwisho. Baadhi zimeunganishwa. Matokeo yake monita inaingiza umeme ndani ya kompyuta iliyozimwa. Dalili ni kompyuta kugoma kuwaka monita ikiwa imechomekwa, kisha inawaka vizuri ukichomoa. Ukiona hivyo usipeleke boksi kwa fundi, badilisha kebo.

---

Mkaguzi_Tabata

Wakuu, soketi ya ekstensheni imepimwa, waya wa ethi ulikuwa umechomoka nyuma yake, umefungwa. Ekstensheni mpya, vyote viko humo, mchonyoto hakuna. Skrini zimepangwa kama Pikseli alivyoelekeza, nimesawazisha chini. Sauti imerudi.

Mawili ya mwisho. Nikizima inchi 24 kwa kitufe chake wakati wa chakula, nikirudi madirisha yote yamehamia inchi 19 na yamesinyaa. Na meza yangu ni sentimita 110, zinabanana. Nifikirie ule mkono wa kufunga mezani?

---

Binti_Magomeni

Madirisha kuhama: monita nyingi za kidijitali zikizimwa kwa kitufe, kompyuta inaona kama zimechomolewa, inakusanya kila kitu kwenye iliyobaki. VGA mara nyingi haina hilo. Windows 11 ina kipengele cha kukumbuka mahali pa madirisha, 10 haina. Usiizime kwa kitufe. Funga kompyuta kwa Windows na L, na kwenye Power & sleep uweke skrini zilale zenyewe baada ya dakika 5. Umeme unaookoa kwa kitufe ni kidogo sana: monita ya wati 22 ikiwaka saa 8 kwa siku 26 ni uniti kama 4.6 kwa mwezi mzima. Saa moja ya chakula haionekani kwenye LUKU.

Mkono: geuza monita uone kama ina matundu manne ya skrubu mgongoni, milimita 100 kwa 100 au 75 kwa 75. Skrubu ni M4. Kama haina, mkono wa kawaida haushiki. Pima unene wa ubao wa meza, na uukague umetengenezwa kwa nini. Meza za chembechembe za mbao zilizobanwa hupasuka pale kibanio kinapokaza, hasa zikiwa zimeshavuta unyevu. Weka kipande cha bati au mbao ngumu juu na chini ya kibanio.

Lakini kwa sentimita 110 jaribu bila mkono kwanza. Inchi 24 ni kama sentimita 54 kwa upana, inchi 19 ni kama 44, jumla 98. Zinaenea. Inchi 24 iwe mbele yako kabisa, ukingo wa juu usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooka. Inchi 19 kushoto, ukingo wake wa ndani uguse ukingo wa kubwa, halafu ule wa nje uulete kuelekea kwako kama nyuzi 30, usigeuze shingo kusoma risiti.